Risaga ya Cherehani

Kila mwaka hapa Tarime huja mtu na maswali ya ajira. Mwaka huu alikuja dada mmoja mwenye kishikwambi, mpole kweli, akanikuta nimeifumua cherehani ya mteja na mafuta yamenifika viwiko. Aliuliza kama mtaa wetu wa Nkende umepata ajira mpya tangu mwaka jana. Nikamwambia zipo tano, pale kwa Bi Shamsia mshonaji. Akaandika tano, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata. Simlaumu, alikuwa na nyumba nyingi na jua lilikuwa kali. Ila aliniacha na maneno mdomoni, na mimi Wangwe si mtu wa kumeza maneno.

Bi Shamsia namtengenezea cherehani huu mwaka wa ishirini. Babu yake alikuja huku kutoka Pangani na cherehani moja ya mkono, akaoa huku, akazikwa huku. Baba yake, Mzee Imrani, alishona kanzu na suruali hadi macho yalipokataa. Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na miwili, ni mwembamba, na mkanda wa kupimia haumtoki shingoni. Mshono ukipinda kidogo tu anaufumua, hata kama mteja amesimama mlangoni na gari linamsubiri. Nimegombana naye mara nyingi kuhusu jambo hilo, na mara zote amenishinda.

Lakini ufundi bila kazi ni njaa yenye heshima. Januari alishona sare za shule, akashona tena ikikaribia Idi na ikikaribia Krismasi. Miezi mingine alikaa kibarazani akiangalia barabara. Wasichana aliowafundisha walijua kushona kuliko mafundi wengi wa mjini, kisha wengi wao wakaishia kuuza mitumba mpakani Sirari kwa sababu hakuwa na kazi ya kuwapa.

Miongoni mwa wachache waliobaki alikuwepo Bhoke, binti wa kijiji cha Kewanja. Kabla ya kuja kwa Bi Shamsia alikuwa anaponda mawe ya wachimbaji wadogo kwa nyundo, na kucha ya dole gumba lake la kushoto haikuota tena. Mkono huohuo ndio unaoongoza kitambaa, na hujawahi kuona mshono ulionyooka kama wake. Siku moja namkazia mkanda wa cherehani akaniambia, "Fundi, mimi nitafanya kazi yoyote. Nyundo ndiyo sirudii."

Sasa, ovaroli za watu wa migodini miaka yote zilikuja zimeshonwa mbali, zimefungwa kwenye maboksi. Mimi nilizoea kusema kwamba tunachimbiwa ardhi na watu waliovalishwa Mwanza. Baadaye tukaanza kusikia kwamba wakandarasi wanatakiwa kununua vitu vya hapahapa: mayai, mboga, mageti ya kuchomelea. Tukasikia na kule Mugumu hoteli za watalii zinachukua nyanya za wakulima wa Morotonga. Nikasema hayo ni maneno ya mikutano. Nilisema kwa sauti, tena mbele ya watu.

Mwezi wa nne, wiki mbili baada ya Idi, akaja kijana anaitwa Jackson, mnunuzi wa mkandarasi mmoja wa mgodini. Alimpa Bi Shamsia ovaroli ya mfano, ya bluu, yenye mikanda inayong'aa mgongoni na miguuni. Alitaka ovaroli mia mbili na arobaini ndani ya wiki tatu. Zikiwa safi na zikifika siku iliyopangwa, angempa mkataba wa mwaka mzima, kwa sharti kwamba aajiri watu watano kwa maandishi, wenye bima ya afya. Zikichelewa, kazi inarudi Mwanza.

Bi Shamsia alikuwa na wasichana wanne, Bhoke akiwa mmojawao, na wa tano alikuwa amekwisha kumwona. Alikubali. Kisha kitambaa kikaja kutoka Mwanza kikiwa cha kahawia, kikarudishwa, na kilipokuja cha bluu zilikuwa zimebaki siku tisa. Walishona siku mbili mfululizo wakatoa ovaroli thelathini tu. Hata mtoto wa darasa la tatu angejua kwamba hazifiki.

Aliyekuja na dawa ni Agustina, mama mmoja mkulima wa nje kidogo ya mji, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alikuja kuchukua gauni lake, akamkuta Bi Shamsia ameshika tama.

"Shamsia, si uite risaga?"

"Risaga ni ya jembe, Agustina. Hapa pana sindano."

"Jembe chuma, sindano chuma. Wanawake wenye cherehani huku ni wengi, tunashonea watoto wetu. Ita."

Kwa asiyejua, risaga ni kazi ya pamoja ya sisi Wakurya. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa jirani, na mwenye shamba anatoa chakula na kinywaji. Babu zangu walifungua mapori kwa njia hiyo. Ya cherehani, nakiri, sikuwahi kuisikia.

Walikuja kumi na tisa. Cherehani zilikuja kwa bajaji, kwa pikipiki, kwa toroli la ndizi, nyingine kichwani. Zilijaa kibarazani, zikajaa uani, zikafika mpaka chini ya kamba ya kuanikia nguo. Bi Shamsia alikata, Bhoke akagawa: hawa mikono, wale mifuko, wale zipu. Mimi nilikimbia na bisibisi toka asubuhi, huku bobini ya uzi inazunguka vibaya, kule kanyagio linalia. Kulikuwa na mashine mle ndani zilizokuwa na umri wa mama mkwe wangu na ukaidi wake. Jioni zilikuwa zimekamilika ovaroli sitini za siku hiyo, na niliziangalia zimepangwa juu ya meza nikajisikia furaha ya ajabu, kama zangu.

Hapo ndipo Bi Shamsia alipotuharibia kwa wema wake.

Alilelewa madrasa, na nyumbani kwao amri ilikuwa moja: mpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi wakati wanawake wananawa mikono, akatoka na bahasha ishirini, akaanza kugawa kwa mikono miwili, anatabasamu. Mama wa kwanza akaiangalia bahasha asiipokee. Wa pili akarudi nyuma.

Agustina akauliza, "Hii ni nini?"

"Haki yenu. Mmetoka jasho."

"Kwa hiyo sisi ni vibarua wako?"

"Agustina, sikusema hivyo."

"Ukinilipa leo tumemalizana. Kesho nikiwa na shamba langu, utakuja wewe? Si utasema ulishanilipa?"

Bi Shamsia akabaki na bahasha mkononi. Wanawake wakabeba cherehani zao, mmoja mmoja, bila kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mama wa Kikurya akikupigia kelele bado anakupenda. Agustina alipofika getini aligeuka akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshapokea. Bahasha ya ishirini ilikuwa yangu, na nilikuwa naitia mfukoni. Mkurya mzima, niliyetahiriwa pamoja na rika langu, niliyejua vizuri kabisa kitakachotokea tangu nilipoziona zile bahasha, nikakaa kimya kwa sababu na mimi nilitaka yangu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Kesho yake hakuja mtu. Bi Shamsia na wasichana walishona peke yao kutwa nzima, wakatoa kumi na mbili. Saa kumi niliingia, nikamkuta ameweka mkasi chini na analia waziwazi mbele ya wanafunzi wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Wangwe, nimewakosea nini? Nimewapa haki yao! Ningewadhulumu ndiyo ingekuwa vizuri?"

Nikaitoa ile bahasha, nikaiweka mezani. "Hukuwadhulumu, Bi Shamsia. Umewafungia mlango. Kwenye risaga hakuna anayelipwa, kila mtu anasubiri zamu yake. Nilijua, na sikukwambia."

Nilitegemea matusi, na yangenistahili. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza, "Zamu ya nani inafuata?"

"Agustina. Wanapalilia ulezi wake kesho asubuhi."

"Mimi jembe sijashika tangu nizaliwe."

"Wanajua," nikasema.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilimpeleka kwa pikipiki yangu, Bhoke akiwa nyuma yake na majembe mawili mapajani. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu ile inayong'ata masikio. Wanawake walikuwa wameshaanza mstari. Bi Shamsia akawasalimia, hakuna aliyeitikia vizuri, akachukua mwisho wa mstari akainama. Alipalilia.

Ulezi mchanga na majani yake ya porini vinafanana mno, hata sisi tuliozaliwa humo tunaangalia mara mbili. Bi Shamsia hakuangalia mara mbili. Alikwenda hatua kumi na tano kwa bidii iliyotisha, ananyoosha mstari kama anapiga pindo, na nyuma yake palibaki safi kabisa. Safi, maana aling'oa ulezi wote na kuacha majani.

Agustina alikuja kukagua. Akaangalia chini, akaangalia tena, akashika kiuno.

"Shamsia."

"Naam."

"Hicho ulichotupa ndicho chakula changu."

Bi Shamsia akatazama alichong'oa, akatazama alichokiacha. "Yallah," akasema. "Nimekushonea kitambaa upande wa nyuma."

Alianza kucheka mama mmoja wa katikati, akafuata mwingine, na mwishowe mstari mzima ulikuwa umekaa chini udongoni, majembe yametupwa, watu wanashika mbavu. Agustina alicheka hadi akaegemea bega la Bi Shamsia, na Bi Shamsia akacheka naye, huku machozi yanamtoka, na nadhani hayakuwa ya kicheko pekee. Kisha Agustina akamshika mkono akamwonyesha: huu una shina bapa, huu una rangi hii karibu na mzizi. Mwenye miaka hamsini na miwili akafundishwa kama mwanafunzi, na mkono wake wa mshonaji ukajifunza haraka. Saa sita shamba lilikuwa limekwisha, na wakala pamoja.

Saa nane mchana nikiwa kibandani kwangu nilisikia toroli. Nikatoka. Walikuwa wanarudi Nkende, cherehani vichwani, udongo bado miguuni, wote kumi na tisa. Mimi nilipita mbele ya Agustina nimeinamisha kichwa.

"Wewe mura," akaniambia, neno letu la kumwita mwanamume, "lete bisibisi. Wewe utashughulikiwa baadaye." Nilishughulikiwa kweli, nilichimba shimo la choo chake siku mbili, na nilishukuru kwamba haikuwa zaidi.

Siku mbili baadaye ovaroli mia mbili na arobaini zilikuwa tayari, na siku moja ikabaki ya kupiga pasi. Jackson alikuja Ijumaa. Alizigeuza nje ndani, akavuta mshono wa katikati ya miguu kwa nguvu zake zote, akapandisha na kushusha zipu. Alifanya hivyo kwa ovaroli arobaini huku Bhoke amesimama pembeni, ameficha dole gumba ndani ya ngumi. Hatimaye akasema, "Mama, hizi ni bora kuliko za Mwanza." Akatoa mikataba.

Wasichana wanne na yule wa tano wakasaini mmoja mmoja. Bhoke alipofikiwa aliisoma karatasi yote, akarudi kuisoma tena ile sehemu ya bima na likizo, akauliza kama likizo ni kweli unalipwa hukufanya kazi. Jackson akasema ni kweli. Akasaini, akapiga magoti mbele ya Bi Shamsia akasema, "Asante, mama." Halafu akaenda kwa Agustina akapiga magoti vilevile. Mimi nilijifanya naangalia mkanda wa mashine. Nililia, na sioni haja ya kuficha. Mtu niliyesema haya mambo ni ya mikutano, nilimshukuru Mungu kwamba nilikosea.

Jackson alitaka kujaza fomu yake. "Una wafanyakazi wangapi? Maana kazi hii watu watano hawaiwezi kwa siku chache hizi."

"Andika watano," akasema Agustina kutoka uani. "Sisi tumekuja kwetu."

Kazi iliandikwa ianze Jumatatu. Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, Jackson alileta kitambaa kipya akakuta duka limefungwa kufuli. Akapiga simu. Bi Shamsia aliipokea akiwa ameinama kwenye mahindi ya mama mmoja wa wale kumi na tisa, aliyefikiwa na zamu, wasichana wake watano wapo kwenye mstari, na mimi niko nao, mgongo unaniuma. Sauti ya kijana tuliisikia sote, ina wasiwasi: mama, leo ni siku ya kwanza, mbona mmefunga, wafanyakazi wako wapi?

Bi Shamsia alinyoosha mgongo, akatazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tuko kazini, mwanangu," akasema. "Wote tumefika."