Bao Nililomchongea Mzee wa Kabambare

Msinicheke. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo hana shauri na tezo wala patasi. Lakini wakati ule wa Wabelgiji, nikiwa kijana mwenye mashini ya kushona kwenye barza ya duka pale Kasongo, nilimpenda msichana wa Kabambare, na baba yake hakukubali wala hakukataa. Baba yangu mdogo ndiye alikuwa mshenga. Alikwenda kule mara mbili kwa kinga, yaani baiskeli, matako yakamvimba, na mara zote mbili akarudi na neno lile lile: "Tutaona."

Mara ya tatu akarudi na jipya. Bao la mzee lilikuwa limeliwa na mchwa. Alitaka lingine, nilichonge mimi kwa mkono wangu, nilipeleke mimi mwenyewe, na siku hiyo hiyo angenipa jibu.

"Si ninunue tu kwa seremala?" nikauliza.

"Aka! Amesema atakuangalia vidole."

Basi nikaazima tezo. Gogo la kwanza lilipasuka katikati, nikalipiga teke, na kidole cha mguu kikawa cha kwanza kuumia. Gogo la pili lilikubali. Seremala jirani, baada ya kucheka mpaka akakaa chini, akanifundisha: kila kishimo kiwe na upana wa kulipokea yai la kuku, ukichonga na kupima, ukichonga na kupima. Nikanunua yai. Upande wa kwanza, vishimo kumi na sita, niliuchonga kwa mapenzi, nikausugua kwa majani ya msasa mpaka ukateleza. Nilikuwa nikimwona yule msichana ndani ya kila kishimo, wallahi.

Kisha siku moja njaa ilinishika, na yai la kipimo nikalikaanga.

Najua. Msiniambie. Ningeweza kununua lingine, lakini mikono ilikuwa imejaa malengelenge na hasira ilikuwa imenipanda. Upande wa pili nikaupima kwa kidole gumba changu mwenyewe, na gumba la fundi wa nguo si gumba la kujivunia. Vishimo vikatoka vyembamba, virefu, na ndani vinakwaruza. Nikajifariji: si kitu, upande mzuri utakuwa wa mzee, huu mbaya nitacheza mimi.

Nikalifunga bao nyuma ya kinga, siku mbili njiani, nikafika Kabambare nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mgeni ni kuku mweupe: kabla sijashuka, nusu ya kijiji walikuwa wamekwisha kunizunguka.

Mzee alikuwa mkulima wa pamba, mikono kama majembe. Alilinusa bao. Akaligonga. Akashika vidole vyangu, akavigeuza. "Malengelenge iko," akasema, ameridhika. Akaliweka chini kati yetu, akamimina kete, na mimi haraka nikamwekea upande mzuri.

Akaligeuza. "Mugeni anapewa pazuri. Hata mutoto mudogo anajua."

Nikaligeuza. "Hapana mzee, wewe ndiye mkubwa."

Akaligeuza. Nikaligeuza. Tuliligeuza hadi kete zikamwagika, watu wakaanza kuhesabu mizunguko kwa sauti. Mwisho alinikazia macho, nikaona nitakosa mke kwa ajili ya adabu, nikaketi upande mzuri.

"Mzee, na lile jibu?"

"Cheza kwanza."

Tukacheza. Loo, mzee yule alikuwa na mdomo! "Uko nacheza bao ama uko nachuma sombe ya muhogo?" Nilijizuia mara moja, mara mbili, lakini mimi kwenye bao sijui kunyamaza. Nikamwambia, "Mzee, kete zako zimekufa, zizike kabla hazijanuka!" Watu wakashika vinywa. Yeye akacheka mpaka akakohoa, akapiga paja lake, akasema, "Haya! Huyu ndiye mutu!"

Akala kete zangu nyingi mfululizo. Akaingiza gumba lake kwenye kishimo cha pembeni kuchota kete ya mwisho, na gumba likabaki humo.

Akavuta. Bao likamfuata.

"Msiinue!" akapiga kelele. "Kete zangu zitamwagika! Niko nashinda!"

Mmoja akashauri maji, mwingine shoka, na mimi nilimwangalia huyo wa shoka vibaya sana. Ndipo akatoka jikoni dada yake mzee, shangazi wa msichana, na kibuyu cha mafuta ya mawese. Akasimama juu ya kaka yake. Hakumimina.

"Mwaga basi!"

"Mutoto wa watu anangoja tangu mvua ya kwanza," akasema. "Sema ndiyo ama hapana, ndipo nimwage."

"Mwaga kwanza!"

"Sema kwanza."

Mzee alilitazama bao. Akanitazama mimi. Uso ukamsawijika. Nikajua ni hapana.

"Ndiyo," akasema polepole. "Nimekupa."

Mawese yakamwagwa, gumba likatoka kwa mlio, vigelegele vikapigwa. Furaha ilinilevya. Nikanyoosha mkono kucheza zamu yangu, na shangazi akaupiga kofi.

"Wee! Simama! Unacheza bao na baba mkwe wako? Huna haya?"

Kumbe kwa ukoo wao mkwe na baba mkwe hawaketi uso kwa uso, wala hawataniani. Na bao bila utani ni kuhesabu mbegu tu.

"Ndiyo sababu sikusema!" mzee akamgeukia dada yake, mawese yakimchirizika hadi kiwiko. "Jibu niko nalo tangu mushenga alipokuja mara ya kwanza! Aliniambia Kasongo nzima hakuna anayemufunga huyu kwa bao. Nilitaka muchezo mumoja tu naye, mama. Mumoja!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nilimwona anafuta jicho kwa mkono ule wenye mawese na kulichafua zaidi. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikainamisha macho kama inavyompasa mkwe.

"Asante, baba," nikasema.

Alikuwa ameinama juu ya bao, anazikinga kete kwa mikono yote miwili, mtu yeyote asizisogeze. Zamu ilikuwa yangu.