Katana, Picha Yako Imevuka Bahari

Tangu alfajiri naambiwa Katana hayupo tena, na mimi bado namngojea apite mlangoni aulize kama chai imebaki.

Nyinyi vijana mnaonifuata humu mtandaoni hamkumjua. Alikuwa mpiga picha wetu wa Likoni. Mzaliwa wa Frere Town, akavuka feri akafungua studio kwetu miaka michache kabla ya uhuru.

Studio chumba kimoja, ndoto mabara matatu. Alitaka kuwapiga picha makuli wa Port Said, Bombay na London, aone kama nao gunia hulibeba kama wa Kilindini. Tukimcheka. Pasipoti hana, suti ya safari keshashona.

Siku moja alipanda paa la jirani kuwapiga picha mafundi wa makuti. Akatupa jicho uani kwetu, akaniona nimeketi, jua la asubuhi limeniangukia usoni. Akanipiga. Hakujua nimekaa eda ya mume wangu, na mjane wa eda haonekani na wanaume wa kando.

Mzungu wa gazeti la ng'ambo akaiona ile picha studio, imeanikwa ikauke. Akamwambia: nipe hii na filamu yake, nami nitakutafutia safari.

Lakini Katana alikuwa na mwendo wake. Picha haitoki kabla mwenyewe hajaiona. Akaja nayo kwa mama, pamoja na filamu yake.

"Mwanangu yumo edani, baba," mama akamwambia. "Wewe ushamuona kwa kutojua. Wataka na ulimwengu umuone?"

"Sikujua, mama. Niwie radhi. Nipe mkasi."

Akaikata filamu vipande vipande, akaitia kwenye jiko la makaa pamoja na picha yenyewe. Mzungu akaenda zake. Mimi nyuma ya pazia nalia, na siku hiyo sikumlilia marehemu peke yake.

Uhuru ulipokuja, eda yangu imekwisha zamani, nikajifunga leso mpya nikaenda studio na mama. Nikamwambia, "Sasa nipige. Na hii ipeleke popote utakapo."

Akainamia kamera. "Usicheke," akaniambia. Nikacheka. Akaipiga vivyo hivyo.

Safari haikuwa. Mara kumuuguza mamake, mara karo za watoto. Juzi tu, na mkongojo mkononi, aniambia ataanzia Bombay. Wallahi nilimwamini.

Kwa hivyo msiniletee habari za "maskini, hakutimiza". Mtu aliyeiacha ng'ambo kwa heshima ya mjane asiyemjua hata jina, huyo kashinda. Naona fahari kuwa rafiki yake.

Picha ndiyo hii hapa chini. Ruhusa niliitoa mwenyewe mwaka wa uhuru. Mlioko Misri, India, Uingereza, itazameni vizuri, kisha muwaoneshe majirani.

Naongeza jioni hii: mmoja wenu keshaniandikia kutoka London, ameiona akiwa kazini, akamwonesha na bosi wake.

Basi pumzika, Katana. Suti ya safari tumekuvika, na picha imetangulia.