Zamu ya Fortunata

Jirani yangu Fortunata Colque alitaka jambo moja tu: aongoze kijiji chetu mwaka mmoja, zamu yake itakapofika. Huku nyanda za juu za Bolivia uongozi hauombwi. Ukiwa na shamba, zamu itakufikia, upende usipende, na mnaibeba wawili, mume na mke. Asiye na mwenzi anarukwa. Na aliyerukwa, mkutanoni huwa ni wa kusikiliza tu.

Mumewe alifariki miezi minne kabla ya zamu.

Babu yake Fortunata alikuwa akilala mlangoni kwa kabaila aliyemtumikisha, kwenye sakafu, mpaka mapinduzi ya mwaka hamsini na mbili yalipowapa watu wetu kura, na baadaye ardhi. Mtu wa ukoo ule humwambii akae pembeni akakubali.

Mkutano wa Novemba tulikaa uwanja wa shule, majani ya koka ya kutafuna katikati yetu. Teodosio, kiongozi anayemaliza muda, akakohoa.

"Dada Fortunata, pole, lakini tunakuruka. Fimbo ya uongozi inashikwa na wawili."

"Nilipochimba mfereji wenu wa maji mbona hamkuniuliza mume wangu yuko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi niliinamisha kichwa badala ya kumtetea, na mpaka leo naona aibu.

Ndipo akasimama mdogo wake Fortunata, Eleuterio, kapera wa miaka hamsini, bingwa wa kusinzia mikutanoni.

"Mimi nami si mtaniruka, kwa kuwa sina mke? Basi huyu dada yangu, huyu mimi. Hesabuni. Si wawili?"

"We Eleuterio utaongoza nini? Usingizi?" mtu mmoja akadakia.

"Nitavaa poncho, joho la kiongozi, ninyamaze, dada aseme. Si ndivyo mnavyoishi majumbani kwenu?"

Wanawake walishangilia hadi mbwa wakabweka. Teodosio alijikaza asicheke, akashindwa. Mikono ikapanda, na wangu, nashukuru, ulikuwa wa kwanza.

Januari mosi Fortunata akapokea fimbo. Alikuwa na furaha isiyojificha, anasalimia kila mtu mara mbili.

Wiki hiyohiyo mjane Basilia, aliyerukwa miaka tisa iliyopita, akabisha hodi kwake, ameongozana na dada yake.

"Na sisi je? Wanawake wawili?"

Fortunata alifungua daftari la zamu, akawaandika wote wawili kwenye mstari mmoja.