Shilingi Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Mwatumu wa mtaa wa Rinkeby, huko ughaibuni, yule ambaye hata jiwe humwomba radhi, alikuta ndani ya kopo la vifungo vya mtumba shilingi ya fedha ya Marekani, ya enzi ilipotawaliwa na Mwingereza. Akaisugua kwa majivu na ndimu, maana kwao kitu hakipelekwi kwa watu kikiwa kichafu.

Akampelekea mjuzi wa sarafu mjini, naye akacheka. "Inang'aa mno, mama. Bandia hii."

"Umeipima?"

"Bado."

"Basi ipime, baba! Macho yako si mizani."

Akaipima, akakagua ukingo kwa lenzi. "Ni ya kweli. Ila kwa kuisugua umeipotezea nusu ya thamani; wanunuzi hutaka ule weusi wa ukale."

"Nimeitoa uchafu tu," Mwatumu akasema, akiifunga kwenye pindo la mtandio. "Na uchafu sikuja kuuza."