Jibu la Pili la Swali la Saba

Mwalimu wa hesabu ambaye shule nzima ilimwita Mabano alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Jina lilimganda kwa sababu hakuna mlinganyo uliomshinda kuuvunja na kuuweka kwenye mabano yake, na kwa sababu kila mwaka aliwaimbia wanafunzi wimbo uleule: vitu viwili vikizidishwa vikaleta sifuri, basi kimojawapo ni sifuri. Mwanafunzi aliyesahau hilo alisimamishwa ubaoni mpaka alikumbuke.

Jumamosi moja paa la stoo ya shule lilivuja, walimu wakaitwa kuokoa kilichookoleka. Mabano alipewa kona ya mitihani ya zamani ya kupandia darasa. Alikuwa akiitia kwenye gunia mafungu kwa mafungu, hana habari nayo, mpaka macho yake yakanasa mwandiko anaoujua. Ulikuwa wa mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Juu kabisa, kwa wino wake mwenyewe mwekundu: arobaini na nane. Mtihani ule ulikuwa na hamsini ya kufaulu, na aliyekosa hamsini hakuingia mkondo wa hesabu.

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Mabano alifunua karatasi kwa hamu tu ya kuona mtoto alikwama wapi.

Swali la saba lilitaka watafute x pale ambapo x² = 9x. Binti alikuwa amehamisha tisa-eksi upande wa pili, akapata x² − 9x = 0, akatoa x nje ya mabano, x(x − 9) = 0, na chini akaandika kwa herufi za kutulia: x = 0 au x = 9. Juu ya kazi hiyo yote kulikuwa na mkasi mwekundu wa kosa, na pembeni: jibu ni moja tu. Sifuri kati ya tatu.

Mabano aliisoma mara ya pili, kisha ya tatu.  Akapekua lile fungu mpaka akaupata mwongozo wa kusahihishia alioutunga mwenyewe, na pale kwenye swali la saba aliona alichofanya: alikuwa amegawanya pande zote mbili kwa x, akabaki na tisa. Kosa analowakemea watoto kila siku, kwamba hujui kama x ni sifuri, utagawanyaje kwa kitu usichokijua? Alikumbuka kuwa mwaka ule alisahihisha akiwa na homa, karatasi mia na ushee kwa siku mbili, jicho moja kwenye mwongozo na jingine kwenye kalamu.

Lakini homa haikueleza yote. Siku ya matokeo binti alimfuata ofisini na karatasi yake, akamwomba aangalie swali la saba. Mabano hakuiangalia. Alimwambia hesabu haina undugu, akaipokea karatasi na kuirudisha kwenye fungu.

Aliketi juu ya kreti. Mkuu wa shule alipopita akamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu, na Mabano akamnyooshea tu zile karatasi mbili, ya binti na ya mwongozo. Wakalisoma pamoja fungu lote. Watoto wengine wawili walikuwa wameandika majibu yote mawili na kupigwa mkasi, ila wao walifaulu hata hivyo. Aliyeumia alikuwa mmoja.

Mpwa wake sasa ni fundi vioo, ana duka lake nyuma ya soko. Mchana huohuo Mabano alimkuta anakwaruza kioo kwa kisu cha almasi, akangoja mpaka kioo kikavunjika pale kilipotakiwa. Kisha akamwekea karatasi mezani.

"Swali la saba," fundi akasema, hata kabla ya kuifungua.

 Mabano alikuwa amejiandaa kumwambia, kumbe mwenzake anajua. Ikabidi amuulize tangu lini.

"Tangu siku ile, mjomba. Niliweka sifuri mahali pa x pande zote mbili, zikalingana. Nikaweka tisa, zikalingana. Sasa nilikuwa nabishana na nani?"

"Mbona hukusema nyumbani?"

"Nilisema. Mama akaniambia kaka yake hakosei hesabu, na kwamba mvivu hakosi sababu. Mpaka leo akinitambulisha kwa watu huongeza kwamba hesabu zilinishinda."

Mabano alitaka kuomba radhi. Akaishia kumuuliza anataka afanye nini. Fundi alifuta vumbi la kioo mezani kwa kitambaa, polepole.

"Kamwambie mama. Wewe mwenyewe, siyo mimi."

Dada yake alikuwa kwenye cherehani. Mabano alisimama mbele yake kama mwanafunzi, akaeleza, na dada hakuamini, akadai aonyeshwe. Basi mwalimu akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika ule mlinganyo juu ya kitambaa cheusi na kuuvunja hatua kwa hatua. Dada aliweka sifuri mahali pa x kwa kidole chake mwenyewe, pande zikalingana. Akaweka tisa, zikalingana tena. Mguu wake ulikuwa umeganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Alilia wiki nzima," akasema. "Nikamwambia anyamaze."

 Alivaa viatu, akatoka, akamwacha kaka yake peke yake na nguo ya mteja iliyojaa chaki.

Jumatatu Mabano alilisimulia darasa lake kosa hilo mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka. Fundi alimpigia simu jioni, akamweleza. Mama yake alifika dukani Jumamosi ileile, akaketi kwenye stuli katikati ya vioo mpaka saa ya kufunga, na hawakuzungumza hesabu hata kidogo. Alirudi Jumapili, na Jumatatu pia.