Fundi aliyetaka kulitibu gitaa

Leo fundi amefungua spika yangu kwa kosa la gitaa kupigwa vizuri.

Someni tena, sijakosea.

Mnaijua ile rekodi yangu ya shoo ya roki. Wimbo mmoja, dakika ishirini na sita, jamaa wanne jukwaani wanatafutana mpaka wanapotea. Naisikiliza tangu tukiwa Tanzania na haijawahi kunichosha.

Spika ilikatika waya tu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mtaani Musinzira, Gitega, mtu wa Muyinga, na atakwambia mwenyewe kwamba mafundi wanazaliwa Muyinga, sisi wa Gitega tunajaribu. Akaunga waya. Nikampa flashi yangu ajaribie.

Dakika ya tisa gitaa likaanza kunguruma. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Bwana akazima.

"Hii iko imepasuka, chef."

Nikamwambia ndiyo sauti yenyewe, wanaikwaruza makusudi. Akanitazama kama unavyomtazama mama anayeapa mwanawe si mlevi. Akafungua skrubu zote. Akapaka gundi mahali pasipo na ufa.

Akawasha. Likanguruma vilevile.

Akaweka kwaya ya kanisani kwao. Safi kabisa.

"Unaona? Spika iko nzima. Wimbo yako ndiyo iko mgonjwa."

Akaurudisha wimbo wangu ili anionyeshe ugonjwa. Tukafika dakika ya ishirini, pale gitaa linapotulia na kubaki sauti moja nyembamba, safi.

Fundi akainua kidole, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza.

"Hapa sasa waliita fundi."