Kilio cha Kihispania Harusini Matemwe

Nilikwenda Matemwe kwa sababu moja tu: kuikimbia deki. Miaka ile baada ya Mapinduzi, nikipiga deki wodi ya watoto, alikuja Daktari Elena, mwanamke wa Kikuba asiyejua hata "karibu". Kihispania nilikidaka kwake: llora, yaani analia; lágrimas, machozi; dolor, maumivu; tristeza, huzuni. Wodi ya watoto, utajifunza nini kingine? Akataka nimkalimanie siku moja shamba. Nikifaulu, kazi ya ukalimani yangu, deki basi.

Asubuhi mama alinisindikiza kwa dua kutoka kwetu Kiembe Samaki.

Njiani gari liliturusha vibaya. Kila shimo Daktari alisema, "Dolor!" nami najibu kwa maringo, "Lágrimas!" Dereva alidhani tunagombana.

Matemwe tulifikia mchana kwa Bi Mwanahawa, mkunga. Hata chai hatujaimaliza, nyumba ya pili kikazuka kilio. Daktari akaukamata mkoba.

"¿Dolor?"

"No dolor."

"¿Tristeza?"

"No tristeza!"

Akanitumbulia macho. Mwali alikuwa anatolewa kwao, na mwali asiyelia siku hiyo husemwa ana haraka ya mume. Lakini neno la harusi sina, la furaha sina! Daktari huyo, mbio, mimi na Bi Mwanahawa nyuma yake; akamwekea mwali kifuani kile chombo cha kusikilizia moyo. Kwa ubaridi wake, mwali akaangua kicheko.

Shangazi mtu akapiga kelele. "Aibu gani hii! Nawe bibi wa mjini, si umwambie mgeni wako!"

Nimwambie nini kwa maneno manne? Kazi naiona inakwenda hivi hivi. Nikakaa chini, nikalia kweli. Bi Mwanahawa akanionea huruma, akalia. Mwali akafuatia, tena kwa kwikwi, shangazi akapoa. Mwisho Daktari mwenyewe machozi yakamtoka. Akaitazama hina ya mwali, akagusa pete yake mwenyewe. "Mi madre," akasema, akionyesha mama yake alivyomlilia siku ya ndoa. Kisha akacheka: "¡Alegría!" Furaha. Neno la tano hilo.

Jioni, wakati wa kurudi, alinionyesha kwa dereva: "Mi intérprete." Mkalimani wake!

Nyumbani mama akauliza, "Umeipata?" Nikaangua kilio.

"Maskini mwanangu! Basi, deki nayo kazi."

"Nshaipata, mama! Hii alegría!"

Mama akapiga ukelele, akalia kunishinda. Majirani wakaja mbio, kanga vichwani, wanauliza nani kafa.